Kutoka maswali ya Frankfurt hadi dunia ya kompyuta: historia ya kuupima ubongo unaosahau

Mwezi Novemba mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliketi mbele ya mgonjwa wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter na kuanza kumhoji. Jina lako nani? Mumeo anaitwaje? Alimwonyesha vitu vya kawaida, kisha akavificha na kumtaka avitaje. Alimpa kalamu aandike jina lake, naye akakwama katikati. Bibi huyo alifariki mwaka 1906. Alzheimer alipouchunguza ubongo wake kwa hadubini, aliyaona mabadiliko yanayohusishwa hadi leo na ugonjwa unaobeba jina lake.

Maswali na kalamu viliendelea kuwa silaha kuu ya madaktari kwa miaka mingi. Mwaka 1975, nchini Marekani, Marshall Folstein na wenzake walichapisha mtihani mfupi wa alama 30 ambao ulienea duniani kote. Mgonjwa huulizwa tarehe na majira ya mwaka, hutakiwa kukumbuka maneno matatu, kutoa 7 kutoka 100 na kuendelea hivyo hivyo kushuka, kuandika sentensi na kunakili mchoro.

Mtihani huo umewafaa wengi, na si haki kuubeza. Lakini humpima mtu kwa mizani ya darasani. Mzee aliyekulia Pemba, anayeuhesabu mwaka kwa kaskazi na kusi, vuli na masika, akiulizwa katika kliniki ya Uingereza, tena kwa Kiingereza, haya ni majira gani kati ya manne, anaweza kupoteza alama ilhali akili yake haina dosari yoyote. Kinyume chake, mwalimu mstaafu anaweza kuyajibu maswali yote vizuri, na huku ugonjwa umekwisha kupiga hodi.

Tena hodi hiyo haianzii kwenye hesabu. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Heiko na Eva Braak, walionyesha kwamba mabadiliko ya Alzheimer huanza kuonekana katika eneo dogo lililo jirani na hipokampasi, ndani kabisa ya ubongo. Familia zilizouguza wazee zinaijua dalili yake bila kuhitaji hadubini: mzee anatoka kwenda msikitini au sokoni, kwa njia aliyoipita miaka 30, na jioni anarudishwa nyumbani na majirani.

Ni kwa nini njia ipotee mapema kiasi hicho? Jibu lilipatikana kidogo kidogo, na sehemu yake kubwa ilitoka London. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha London, UCL, John O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky walieleza kuhusu seli za hipokampasi ya panya ambazo huamka pale tu mnyama huyo anapokuwa mahali fulani. Mwaka 2005, mjini Trondheim nchini Norway, May-Britt na Edvard Moser na wenzao walitangaza kwamba katika lile eneo la jirani zimo seli nyingine, zinazoigawa ardhi kwa mpangilio kama wa wavu wa mvuvi. O'Keefe na wanandoa hao wawili walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Ramani ya dunia, kumbe, huchorwa palepale ugonjwa unapoanza kuguguna.

Panya huachiwa akimbie. Mzee je? Hakuna daktari atakayemwachia mgonjwa wake barabarani London ili aone kama atapotea, wala mtu hawezi kutembea akiwa amelazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

Uhalisia pepe, yaani dunia ya kutengenezwa na kompyuta ambayo mtu huiona kana kwamba yumo ndani yake, si jambo jipya. Mwaka 1968, nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani ambacho kilikuwa kizito mno hata kikaning'inizwa kutoka darini. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1998, Eleanor Maguire wa UCL na wenzake waliazima mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, wakaugeuza kuwa mji wa kutafutia njia, na kuupiga picha ubongo wa mtu akiwa safarini humo. Mwaka 2000 Maguire alipata umaarufu kwa utafiti wake kuhusu madereva wa teksi za London, ambao hutakiwa kuhifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000: sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2006, yeye na Hugo Spiers waliwarudisha madereva barabarani, safari hii ndani ya mchezo wa PlayStation uliochorwa kwa mfano wa mitaa halisi ya London.

Kutoka hapo hatua zikawa za haraka. Mwaka 2016 ulizinduliwa mchezo wa simu ulioitwa Sea Hero Quest, ambamo mchezaji huongoza mashua baharini. Zaidi ya watu milioni 4 waliucheza, na hivyo wanasayansi wakapata kujua uwezo wa kawaida wa kutafuta njia ukoje kwa kila umri. Mwaka 2019 ilibainika kwamba mchezo huo uliweza kuwatofautisha watu wenye vinasaba vinavyoongeza hatari ya Alzheimer, jambo ambalo mtihani wa kawaida wa kumbukumbu haukuweza.

Lakini simu humwacha mtu ameketi. Jaribio lililokaribia zaidi maisha halisi lilichapishwa mwaka huo huo wa 2019 na watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Dennis Chan. Watu 45 wenye matatizo madogo ya kumbukumbu, na 41 wasio nayo, walivalishwa kifaa cha machoni na kutembea kwa miguu yao wenyewe. Waliona koni ya kwanza, wakaifuata. Kisha ya pili, na ya tatu. Halafu koni zote zikatoweka, nao wakaambiwa warudi pale ilipokuwa koni ya kwanza. Hakuna kusoma, hakuna hesabu wala majira ya mwaka. Wenye matatizo ya kumbukumbu walikosea zaidi, na kati yao waliokosea kupita wote ni wale ambao vipimo vya maji ya uti wa mgongo vilionyesha alama za Alzheimer.

Swali la kuwahi limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2023, pale Marekani ilipoidhinisha kikamilifu dawa ya lecanemab, ambayo hupunguza kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo tu, haiponyi. Mwaka 2024 kundi la Chan lilichapisha matokeo ya jaribio kama hilo kwa watu 100 wa umri wa kati, wasiokuwa na dalili yoyote. Waliokuwa na hatari kubwa ya kuugua walikosea zaidi kuliko wenzao. Hiyo ni tofauti baina ya makundi, si hukumu juu ya mtu mmoja mmoja. Mdogo kabisa miongoni mwao alikuwa na miaka 43.