Uwiano kinyume: mzigo wa lori ukipungua, safari huongezeka

Uwiano kinyume ni uhusiano wa vitu viwili ambapo kimoja kikiongezeka kingine hupungua, na ukivizidisha jibu ni lile lile. Kanuni yake: x × y = k.

Swali: Mfanyabiashara ana tani 840 za mahindi. Lori likibeba tani 28, zinahitajika safari 30. Likibeba tani 24, ni safari ngapi?

Jibu: k = 28 × 30 = 840. Kisha 840 ÷ 24 = safari 35.

Wengi hukosea hapa. Mzigo wa lori umepungua kwa moja ya saba, lakini safari zimeongezeka kwa moja ya sita. Msafirishaji anayelipwa kwa tani atapokea fedha zile zile, na mafuta ya safari 5 za ziada ni juu yake. Piga hesabu hii kabla ya kukubali bei. Kuzidisha mzigo si dawa: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 56, lori pamoja na mzigo.

Tahadhari: Si kila swali ni la uwiano kinyume. Malori yakiongezeka maradufu kwenye mzani mmoja, muda wa kupima haupungui nusu. Foleni ndiyo inayorefuka.