Divai Nyeupe ya Dodoma na Altare Yetu



Sisi wa Isansa tunaijua kahawa kuliko mzabibu. Hata hivyo, kila siku Misa inapoadhimishwa, tunda la mzabibu huwekwa juu ya altare yetu. Wapo wanaodhani kwamba divai ya Misa lazima iwe nyekundu na tamu. Sivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yadai iwe divai ya asili, itokanayo na zabibu, isiyoharibika. Rangi haikutajwa. Makasisi wengi hupendelea nyeupe kwa kuwa haiachi madoa katika vitambaa vya altare.

Katika nchi yetu historia ya divai yaanzia katika misioni. Karibu na mwaka 1957 wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na mji wa Dodoma. Ugogo ni nchi kame, iliyozoea mtama, uwele na mifugo. Lakini ukame huohuo waufaa mzabibu, kwani unyevu mwingi huleta ukungu. Ardhi yake imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hivyo jua la mchana hulijaza tunda sukari, na ubaridi wa usiku husaidia kulihifadhia uchachu. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuupumzisha mzabibu, mkulima huupogolea na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huko Makutupora serikali ina kituo cha utafiti wa zao hilo.

Miongoni mwa zabibu nyeupe zilimwazo huko ni Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Zabibu hukamuliwa, na maganda huondolewa mapema; hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Sukari ikiisha karibu yote, divai huitwa kavu: nyepesi, yenye uchachu, isiyobembeleza ulimi.

Lakini tusisahau mikono iliyovuna. Kwa miaka mingi wakulima wa Dodoma wamelalamikia soko, maana zabibu iliyoiva haingoji. Mnunuzi akichelewa, huoza, na anayeuza kwa hofu ya hasara hupokea bei yoyote. Sisi tuliokwisha kuona bei ya kahawa ikipanda na kushuka pasipo sisi kuulizwa, twawaelewa vema. Je, yafaa kumtolea Mungu kazi ya jirani huku tukiwa hatujali kama jirani huyo amelipwa haki yake?

Basi, Dominika hii kikombe kitakapoinuliwa, tumkumbuke mkulima wa Bihawana na wa Hombolo. Nasi tunaponunua mazao ya wenzetu hapa kijijini, tuwe wa kwanza kutoa bei ya haki.

Dominika njema, na Mungu awabariki.