Ndoto ya Kariakoo, na Jinsi Nilivyoichungua

Wazee wetu hawakuzidharau ndoto, wala hawakuzifanya hoja barazani. Mimi hufundisha historia, na kazi yangu ni kupima habari. Basi nataka niwasimulie ndoto niliyoota usiku mmoja nilipokuwa mgeni katika nyumba iliyo karibu na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kisha tuichungue pamoja.

Nilijiona nimesimama katika shamba la minazi. Upepo ukavuma, minazi ikageuka nguzo, nazo zikachukua paa kubwa. Chini yake walilala watu wengi wenye mablanketi, kila mmoja ana kibati cha namba shingoni. Nilipotazama tena, mizigo yao ilikuwa matenga ya nyanya, na paa limekuwa la saruji, limekunjuka kama miavuli. Mara moto ukawaka, watu wakatawanyika, akabaki kijana mmoja. Nikamwita "Babu," ingawa kwa umri alikuwa mdogo kuliko mimi. Nikasema, "Babu, jina lako nani?" Akajibu, "Mjukuu wangu, andika." Akalitaja, lakini kelele za wachuuzi zikalimeza. Nikaamka.

Kabla sijanawa uso nikatwaa kalamu, maana ndoto hukauka upesi kama umande. Niliandika kama nilivyoona, wala sikuthubutu kuziba mapengo. Mwenye kuandika ndoto hushawishika kuitengeneza ipendeze; na mwandishi wa historia hushawishika vivyo hivyo.

Haya, tuipime. Minazi ni kweli: mahali pale palikuwa shamba la minazi kabla ya kuwa mtaa. Paa la kwanza nalo ni kweli. Wadachi walijenga jengo la soko, lakini mwaka 1914 vita vikaanza. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, wakaligeuza jengo hilo kuwa kituo cha jeshi lao la wapagazi, lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakalitamka kwa ulimi wao, na jina la Kariakoo likazaliwa. Baada ya vita pakawa soko, mwaka 1923. Paa la saruji ni kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na soko hilo lilifunguliwa mwaka 1975. Moto nao uliliunguza usiku wa tarehe 10 Julai 2021.

Uongo wa ndoto ulikuwa katika mpango wa nyakati tu: iliwalaza wapagazi na kuwasimamisha wachuuzi mahali pamoja, kana kwamba miaka si kitu.

Lakini jambo moja lilinichoma. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yake hukaribia 100,000. Na Wadachi nao walikuwa na wapagazi wao. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa, baridi, na unga usioiva vema. Katika mji ule ule ipo sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1927. Aliyesimama juu yake ni askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini. Hesabu tunayo, sanamu tunayo, mtaa mzima una jina la kikosi chao. Majina yao wenyewe yako wapi?

Kwetu husimuliwa kwamba baba wa bibi yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, asirudi. Sikupata kuuliza jina lake mpaka asubuhi ile. Nilirudi nyumbani nikamwuliza bibi. Akanyamaza kitambo, kisha akalitaja, na jina la baba yake tena, akasema, "Mjukuu wangu, kwa nini hukuniuliza zamani?" Sikuwa na jibu. Nimeliandika katika daftari la nyumbani. Kama ndilo lililotajwa ndotoni sijui, wala sitadai hivyo, kwa kuwa sikulisikia.

Walimu wenzangu, wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Majina ya wazee nayo ni mali. Watumeni wanafunzi wenu jioni hii, kila mmoja na karatasi yake, wawaulize bibi na babu zao maadamu wapo.