Swali, Jibu na Mji: Historia Fupi ya Mtihani Ndani ya Mchezo

Tangu jadi, watu wa mwambao wamelea ada moja ambayo bado haijatutoka. Usiku ukiingia, watoto wakishakula, bibi hukaa mkekani akaita, "Kitendawili!" Nao humwitikia, "Tega!" Akishatega, watajaribu kutegua mmoja baada ya mmoja hadi wachoke. Wakishindwa, huwaambia, "Nipeni mji," nao hawana budi kumpa. Akishaupokea mji wake, husafiri kwa maneno mpaka huko, akatamba na kutukuzwa apendavyo, na hapo ndipo hulitoa jibu. Katika ada hiyo, aliyeshindwa hulipa mji, lakini halali bila ya kulijua jibu. Aliyetegua na aliyeshindwa wote huondoka nalo.

Nimeanza na mkeka wa bibi kwa kuwa nataka kulizungumzia swali la namna nyingine, ambalo vijana wetu hukutana nalo mbele ya kioo cha televisheni. Iko michezo ya video, mingi yake kutoka Japani, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kuishi maisha yake kwa muda wa saa mia moja na zaidi. Katika baadhi yake, mhusika huyo ni mwanafunzi. Huingia darasani, mwalimu humwita kwa jina, humuuliza swali la historia au la hisabati, na mchezaji aliye kitini nyumbani kwake hulazimika kujibu. Ukifika mwisho wa muhula, hukaa mtihani na matokeo yake hubandikwa ukutani. Msomaji anaweza kushangaa: mtoto aliyetoka shuleni amechoka, kwa nini acheze mchezo unaomrudisha shuleni? Jawabu limo katika historia, na historia yenyewe inaanzia mbali.

Mtihani wa dola, kwa maana ya kuwachuja watu kwa maandishi ili wapewe vyeo, ulianza China katika enzi ya Sui, yapata mwaka 605, na haukufutwa hadi mwaka 1905. Kwa miaka 1300 mtoto wa mkulima aliweza, walau kwa nadharia, kuwa waziri kwa kalamu yake. Wapenzi wa ushairi watafurahi kusikia kwamba katika enzi ya Tang, mtihani wa daraja la juu ulimtaka mtahiniwa atunge mashairi kwa kufuata kanuni za vina na mizani ya kwao. Lakini wasifurahi mno, kwani Du Fu, ambaye Wachina humhesabu miongoni mwa washairi wao wakuu wa zama zote, alishindwa mtihani huo. Chujio lilimtupa nje, na mashairi yake yakabaki wakati majina ya wengi waliofaulu yamesahaulika.

Japani ilijifunza mengi kutoka China, mtihani ukiwemo, ingawa huko vyeo vikubwa viliendelea kurithiwa na watoto wa mabwana. Miongoni mwa wachache waliopanda kwa elimu yao ni Sugawara no Michizane, aliyezaliwa mwaka 845. Alifaulu mtihani mkuu mwaka 870, akawa mwanachuoni, mshairi na hatimaye waziri. Mahasidi wakamsingizia, akahamishiwa Dazaifu mwaka 901, na huko akafa mwaka 903. Baada ya kifo chake, misiba iliyouandama mji mkuu ilidhaniwa kuwa ni ghadhabu ya roho yake, na ili kumtuliza akajengewa hekalu la Kitano mjini Kyoto. Tangu hapo huitwa Tenjin, naye ndiye anayeombwa na wanafunzi. Hadi leo, msimu wa mitihani unapokaribia, vijana wa Japani huenda kwenye mahekalu yake, huandika haja zao juu ya vibao vya mbao na kuvitundika. Mlinzi wa watahiniwa, basi, ni mshairi aliyedhulumiwa.

Baada ya utawala wa Meiji kuanzisha shule kwa umma mwaka 1872, chujio likawa la kila nyumba. Kuingia shule nzuri kukategemea mtihani, kuingia chuo kikuu kukategemea mtihani, na kupata kazi kukategemea jina la chuo. Wajapani wenyewe wakaiita hali hiyo jehanamu ya mitihani. Mwaka 1979 ukaanzishwa mtihani wa pamoja kwa wanaotaka kuingia vyuo vikuu vya serikali. Ukabadilishwa mwaka 1990, na ukabadilishwa tena mwaka 2021, lakini uzito wake haukupungua. Sisi nasi si wageni wa jambo hili. Tumeshuhudia mtihani wa mwisho wa shule ya msingi nchini Kenya, ulioanza mwaka 1985 na kukoma mwaka 2023, ukiamua riziki za watoto wa miaka kumi na minne, na Tanzania darasa la saba limetoa machozi mengi. Swali la aina hiyo huulizwa mara moja tu. Anayelikosa hupewa namba, wala hapewi jibu.

Waliobuni michezo ya video ya Japani ni watoto wa chujio hilo. Si ajabu, basi, kwamba shule iliingia mapema katika kazi zao. Mwaka 1994 kampuni ya Konami ilitoa Tokimeki Memorial, ambamo mchezaji huishi miaka mitatu ya sekondari akigawa siku zake baina ya masomo, michezo na mapenzi. Mwaka 1999 ikatoka Final Fantasy VIII, ambayo shujaa wake, Squall Leonhart, ni mwanafunzi wa chuo cha kijeshi. Humo mna mitihani 30 ya maandishi, kila mmoja una maswali 10 ya ndiyo au siyo, na anayekosa hata swali moja ameanguka. Anayefaulu hupandishwa cheo, na mshahara wake huongezeka. Huu ulikuwa mtihani wa Kichina mtupu: kalamu, cheo, mshahara. Swali lilikuwa ngazi tu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2006, kampuni ya Atlus ilipotoa Persona 3 chini ya uongozi wa Katsura Hashino. Mhusika ni kijana yatima aliyehamia shule ya Gekkoukan. Siku huhesabiwa moja moja kwa kalenda. Mchana husoma, jioni hukaa na rafiki zake, na saa sita ya usiku shule ile ile hugeuka mnara wa kutisha unaoitwa Tartarus, ambamo hupigana na mazimwi. Mwalimu anapouliza swali, jibu sahihi halimpi kijana fedha wala cheo. Mara nyingine hata si yeye aliyeulizwa. Ameulizwa Junpei, rafiki yake mzembe, naye hunong'ona akiomba msaada. Mchezaji akimpa Junpei jibu sahihi, wanafunzi husikia, na kinachoongezeka ni haiba yake mbele ya wenziwe. Katika chumba cha mtihani wa kweli tendo hilo lingeitwa udanganyifu. Hapa limehesabiwa kuwa ni utu.

Ukija mtihani, majibu sahihi peke yake hayatoshi. Huhesabiwa pia elimu ambayo kijana ameikusanya kwa kusoma siku baada ya siku. Na elimu hiyo hufungua milango ya watu. Mchezaji hawezi kuanza usuhuba na Mitsuru Kirijo, kiongozi wa wanafunzi, mpaka elimu yake ifikie daraja la juu kabisa. Mpango huo uliendelea katika Persona 4 ya mwaka 2008, iliyowekwa katika mji mdogo wa shamba, na katika Persona 5 ya mwaka 2016, iliyowekwa Tokyo. Hapo, kwa maoni yangu, swali lilianza kurudi mkekani: likaacha kuwa ngazi, likawa njia ya kumfikia mtu.

Tazama na maswali yenyewe. Katika Persona 5 mwalimu wa hisabati hugusia kanuni ya rangi nne, isemayo kuwa ramani yoyote inaweza kupakwa kwa rangi nne tu bila ya nchi mbili zinazopakana kufanana. Jambo hilo alilidokeza Francis Guthrie mwaka 1852, na halikuthibitishwa hadi mwaka 1976, pale Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipotumia kompyuta. Siku nyingine huulizwa juu ya msemo wa Kijapani unaoelezea huruma ya watu kwa shujaa aliyeonewa, na jibu ni Minamoto no Yoshitsune. Huyu ndiye aliyeshinda vita vya Dan-no-ura mwaka 1185 kwa niaba ya kaka yake, Yoritomo. Badala ya kushukuriwa akawindwa na kaka huyo huyo, na mwaka 1189 akafa akiwa amezingirwa.

Msomaji wa mwambao akilisikia jibu hilo hatapita bila ya kusimama. Naye anaye shujaa wake aliyewindwa na jamaa yake kwa ajili ya ufalme, akauawa kwa hila kupitia kwa mwanawe mwenyewe. Fumo Liyongo amebaki katika tendi na katika ndimi zetu kwa sababu ile ile iliyombakisha Yoshitsune katika hadithi na tamthilia za Japani: watu hawakukubali kwamba aliyeshinda ndiye mwenye haki. Mtoto wa Lamu au wa Chake Chake anayekutana na Yoshitsune ndani ya mchezo amepewa jirani wa Liyongo. Hiyo ndiyo kazi ya swali jema: kuunganisha usilolijua na unalolijua.

Lakini pana jambo linaloiharibu neema hii, nami nimelishuhudia kwa macho yangu. Nilimkuta mpwa wangu akicheza, na magotini mwake alikuwa na karatasi. Nilidhani anaandika. Kumbe ilikuwa orodha ya majibu yote, tarehe moja baada ya nyingine, tangu Aprili hadi mwisho wa mwaka. Kwa kuwa maswali ya mchezo hayabadiliki, orodha moja yatosha kwa wachezaji wote wa dunia. Mwalimu alipouliza, kijana alitazama karatasi, akabonyeza, akapongezwa. Nikamuuliza, "Huyo Yoshitsune ni nani?" Akanitazama kwa mshangao. "Sijui, mjomba. Ni jibu la tarehe thelathini."

Sikumkaripia, wala sikuona haki ya kumkaripia. Yeye alifanya tulichomfundisha. Tangu darasa la kwanza ameambiwa kwamba swali ni ukuta na jibu ni ngazi, na mwenye akili hutafuta ngazi iliyo karibu. Mchezo umeligeuza chujio kuwa kitendawili. Yeye amekigeuza kitendawili kuwa chujio. Na hasara iliyompata ni kubwa kuliko anavyodhani. Katika mchezo ule, anayekosea hafukuzwi. Mwalimu humsahihisha, jibu husemwa mbele ya darasa zima, na siku za mtihani yaliyofundishwa humrudia tena. Aliyekosa na kusikiliza angemjua Yoshitsune. Aliyepatia kwa karatasi alibaki na jina tupu na tarehe.

Mkeka wa bibi ulilijua jambo hili. Ndiyo maana ulitoza mji. Mji ulikuwa bei ya kukubali mbele ya watu kwamba hujui, na jibu lilikuja baada ya bei hiyo kulipwa. Muyaka bin Haji na washairi wenziwe wa Mombasa walifumbiana kwa beti, na aliyefumbiwa hakuona haya kukaa na fumbo mpaka limfunguke. Mwenye orodha ya majibu hatoi mji wowote, na kwa hiyo hana safari yoyote anayosafirishwa.

Persona 3 imetengenezwa upya na kutolewa tena mwaka 2024, na kizazi kipya kimeingia katika darasa la Gekkoukan. Wazee tusiwaone vijana hawa kuwa wanapoteza wakati. Mbele yao kuna mwalimu anayeuliza, na hilo si haba. Lililobaki ni letu. Usiku ule, baada ya televisheni kuzimwa, nilimwita mpwa wangu barazani nikamwambia, "Kitendawili." Alicheka, akasita, kisha akasema, "Tega." Nikamtegea habari ya ndugu wawili, mmoja aliyeshinda vita na mwingine aliyemwinda kwa kushinda kwake. Alifikiri kitambo kirefu, asijue kwamba jibu lilikuwa katika karatasi yake. Mwisho akanipa mji. Alinipa Pemba nzima, nami nikaenda, nikala, nikarudi, ndipo nikamweleza.