Mashindano ya Ndege Paris–Madrid, Mwaka wa 1911

Siku ya Mungu, tarehe 21 ya mwezi wa tano mwaka wa 1911, watu wengi wa Paris hawakulala. Tangu usiku walitoka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa motokari, wakaenda Issy-les-Moulineaux, uwanja wa mazoezi ya askari kando ya mji. Magazeti yalihesabu watu laki mbili na zaidi. Walikwenda kutazama ndege zikiondoka kwenda Madrid, mji mkuu wa Hispania. Mashindano hayo yaliandaliwa na gazeti moja kubwa, Le Petit Parisien, nalo lilikuwa limeahidi zawadi ya faranga 100,000.

Tukumbuke kwamba Blériot alivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka wa 1909, yaani miaka 2 tu mbele ya hapo. Ndege zilikuwa za mbao, vitambaa na nyuzi za chuma. Katika nyingi mashini ilikaa mbele, ikimzibia rubani macho, hasa aliposhuka chini. Kwa ndege za namna hiyo uwanja ulipaswa kuwa mtupu. Lakini nani alitaka kukaa mbali? Watu walipita kamba, wakaingia uwanjani. Rubani Védrines alipojaribu kuondoka, ndege yake ikavunjika. Askari wa farasi wakatumwa kuwasukuma watu nyuma.

Wakati huo rubani Émile Train alikuwa hewani pamoja na abiria mmoja. Mashini yake haikwenda vizuri, akarudi ili atue. Karibu na kugusa chini akaona askari wa farasi wakikata njia mbele yake. Akainua ndege ili asiwaue. Aliwaruka kweli, lakini nguvu zilikuwa zimekwisha, na nyuma ya farasi walisimama watu ambao hakuweza kuwaona. Watu hao walikuwa wakubwa wa serikali. Maurice Berteaux, waziri wa vita, alipigwa na mapanga yanayozunguka mbele ya ndege, akafa palepale. Waziri mkuu Ernest Monis alivunjika mguu. Train na abiria wake walitoka wazima. Walipochunguza mambo, walimwona Train hana kosa.

Wengine walisema: hii ni ajali ya mashini. Sisi tunaona si ya mashini peke yake. Mawaziri nao walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, mahali asipopaswa kusimama mtu, kwa hamu ileile iliyowavuta wauza mboga na watoto wa shule kupita kamba. Berteaux hakufa kwa sababu ya cheo chake. Alikufa kama mtazamaji.

Sasa, mbio zifutwe ama ziendelee? Wafaransa hawakuwa wamesahau mwaka wa 1903. Mwaka ule motokari zilishindana kutoka Paris kwenda Madrid, zikaua watu njiani, madereva na watazamaji pamoja. Mmoja wao alikuwa Marcel Renault, wa ndugu wale waliotengeneza magari. Serikali ilizisimamisha mjini Bordeaux, hata magari yakakokotwa na farasi mpaka stesheni, yakarudishwa kwa gari la moshi. Lakini safari hii, ingawa aliyekufa ni waziri, mambo yalikwenda kinyume. Kesho yake tu, tarehe 22, Védrines aliondoka na ndege nyingine. Wenzake walishindwa njiani mmoja baada ya mwingine. Yeye peke yake alifika Getafe, karibu na Madrid, tarehe 26. Mwenyewe alisimulia kwamba juu ya milima ya Guadarrama tai alimshambulia! Magazeti yaliyoandika juu ya maiti ya waziri yakaandika sasa juu ya tai, na watu wakanunua yote mawili.

Hapa ndipo tunapoona mkono wa wenye magazeti. Wao walitangaza mbio, wao walitoa faranga, wao waliuza habari za ushindi na za kifo. Hatusemi kwamba walitaka mtu afe. Lakini kifo hakikuwapunguzia wasomaji. Tarehe 28, juma moja tu baada ya ajali, mbio nyingine zilianza Buc kwenda Roma, chini ya gazeti lingine, Le Petit Journal. Aliyeshinda ni afisa wa bahari, Jean Conneau, aliyeruka kwa jina la Beaumont.

Je, watu walikuja kutafuta damu? Hatufikiri hivyo. Walikuja kuona jambo ambalo babu zao hawakuliona, na hofu iliongeza utamu wake.

Tarehe 18 ya mwezi wa sita, tena siku ya Mungu, ilianza mbio ya kuzunguka nchi za Ulaya, kutoka Vincennes, upande wa pili wa Paris, kupitia Liège, Utrecht, Brussels na London. Watu walijaa kuliko Issy. Siku ya kwanza marubani 3 walikufa: mmoja aligonga mti palepale Vincennes, wawili waliungua. Jioni mji wote ulijua. Ndege zilizobaki ziliendelea na safari, na tarehe 7 ya mwezi wa saba watu walikwenda tena Vincennes kumpokea Beaumont, aliyeshinda mara ya pili.