Willie Simms Ndiye Alichuchumaa Uingereza Kabla ya Sloan

Ukienda Ngong Racecourse siku ya mbio, wachana na farasi kidogo uangalie joki. Utaona hajakaa. Makalio yako hewani, magoti yamekunjwa, mgongo umelala karibu na shingo ya farasi. Tandiko liko hapo chini yake lakini halikalii. Ni kama mtu amechuchumaa juu ya mnyama anayekimbia.

Siku hizi joki wa dunia nzima wanapanda hivyo, mpaka unadhani ilikuwa hivyo tangu enzi za Adamu. Wapi! Mtindo huu una miaka mia moja na kitu tu. Na jina ambalo watu hutaja wakiulizwa ulitoka wapi si la mtu wa kwanza.

Turudi Uingereza, miaka ya 1890. Joki wa huko walikaa wima kama mtu yuko kanisani. Vikuku, yaani yale machuma ya kukanyagia, vilining'inia chini sana, miguu ikanyooka. Kukaa vizuri maanake ilikuwa kukaa kama bwana mkubwa. 1897 akaja jamaa kutoka Marekani anaitwa Tod Sloan. Vikuku vifupi, mwili mbele, pua karibu iguse shingo ya farasi. Watu wakamcheka, wakamfananisha na tumbili juu ya kijiti. Halafu akaanza kushinda. Na kushinda. Baada ya miaka michache, walewale waliocheka walikuwa wamefupisha vikuku vyao kimyakimya. Sloan mwenyewe alisimulia kwamba aligundua mtindo huo kwa bahati, farasi alipomtoroka akajikuta amepanda shingoni akijaribu kumzuia.

Stori tamu. Lakini hebu tuulize: 1895 kulikuwa na nani?

Kulikuwa na Willie Simms. Mtu mweusi, amezaliwa Augusta, Georgia, 1870, miaka mitano tu baada ya utumwa kufutwa Marekani. Kufikia 1895 alikuwa ameshinda Belmont Stakes mara mbili, 1893 na 1894. Mwaka huo akapelekwa Uingereza. Akapanda na vikuku vifupi, amechuchumaa. Naye alichekwa. Naye alishinda, joki wa kwanza wa Marekani kushinda mbio huko akiwa juu ya farasi wa Marekani. Hiyo ni miaka miwili kabla Sloan hajakanyaga Uingereza.

Na usidhani Simms alikuwa mgeni katika hii kazi. Tangu wakati wa utumwa, watu weusi ndio walikuwa wakilisha farasi, wakiwazoeza na kuwapanda kule kusini. Kentucky Derby ya kwanza, 1875, joki 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na mshindi alikuwa mmoja wao, Oliver Lewis. Derby 28 za kwanza, 15 zilishindwa na joki weusi. Simms mwenyewe alichukua mbili, 1896 na 1898.

Sasa, kwa nini kuchuchumaa kunasaidia? Fikiria boda. Mkifika kwenye bampu, rider aliyezoea anainuka kidogo, anasimama kwa miguu, magoti yanameza mshtuko. Pikipiki inapanda na kushuka, yeye kichwa kimetulia. Joki anafanya hivyo kila hatua ya farasi. Ukikaa kitako, farasi analazimika kukurusha na kukuvuta upya kila anaporuka. Ukichuchumaa, bado anabeba uzito wako, lakini hana kazi ya kuutingisha. Kazi hiyo umeihamishia kwa mapaja yako, ndiyo maana joki huteremka akihema kama ni yeye amekimbia.

2009 watafiti wa Royal Veterinary College, London, walichapisha mambo haya katika jarida la Science. Walionyesha kwamba karibu na 1900, joki walipoanza kuchuchumaa, muda wa mbio kubwa ulipungua kwa hadi asilimia 7. Farasi hawakubadilika ghafla hivyo. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuwapanda.

Na hapa ndipo inauma. Wakati huohuo mtindo unasambaa, joki weusi walikuwa wanafukuzwa uwanjani. Joki wazungu waliwabana kwenye uzio katikati ya mbio, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi. Jimmy Winkfield alishinda Derby 1901 na 1902, kisha akaenda kutafuta riziki Urusi. Tangu 1902 hakuna joki mweusi wa Marekani ameshinda Derby. Kati ya 1921 na 2000 hakuna hata mmoja aliyepanda.

Kwa hivyo waliobaki uwanjani ndio walisimulia. Sloan aliingizwa kwenye jumba la heshima la mbio za Marekani 1955. Simms alingoja hadi 1977.

Sisemi Sloan aliiba. Jamaa alikuwa mkali kwelikweli, na hata yeye mwishowe wakubwa wa mbio Uingereza walimnyima leseni. Ninachosema ni hiki: kushinda hakukutosha kumweka Simms kwenye stori. Ukifukuzwa kazini, hata ujuzi wako unabaki pale ukitumiwa na wengine, na baada ya muda unapewa jina la aliyebaki.

Angalia kazi za hapa kwetu. Fundi wa jua kali anabuni kitu, mwaka mmoja baadaye kinauzwa na kampuni yenye nembo, na yeye hata hatajwi. Kama unamjua mtu kama huyo, andika jina lake mahali leo, na mwaka, akiwa bado yuko. Simms angalau aliandikwa kwenye orodha za washindi. Ndiyo maana tunaweza kubishana leo.