Kibarua ni Barua Ndogo

Mwaka 2013 nilimaliza kutafsiri mwongozo wa mashine za maabara kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Maneno 22,000. Mteja alikuwa ng'ambo, tulikutana kwenye jukwaa la kazi za mtandaoni, na bei niliitaja mimi mwenyewe: nusu senti ya dola kwa neno. Niliona wenzangu wameitisha senti tatu, nne. Nikajiambia, nikishuka nitapata. Na kweli nilipata. Siku 11 macho yakiniwasha, nikalipwa dola 110. Jukwaa likakata asilimia 10, zikabaki 99. Ukigawanya, ni kama shilingi 770 kwa siku. Mwashi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani yetu pale Changamwe alilipwa 1,000 na chakula cha mchana juu.

Nilimweleza babu. Alikuwa na miaka themanini na ushei, na ujana wake wote aliumalizia bandarini Kilindini akibeba magunia. Alinisikiliza, halafu akaniuliza maswali matatu.

"Hizo hela, nani mwingine anakula?"

"Malipo ya mbele alikupa ngapi?"

"Na wenzako wanasemaje?"

Sikuwa na jibu la maana hata kwa moja. Imenichukua miaka kuelewa kwamba babu hakuwa akinisuta. Alikuwa akinisomea historia.

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani kilikuwa cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akionyesha ndiyo alipwe. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu. Zanzibar katika karne ya 19, wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa. Bwana alimtoa mtumwa wake akafanye kazi kwa wafanyabiashara wa mjini, na jioni ujira uligawanywa: sehemu ya bwana, sehemu ya aliyetoka jasho. Sisemi kwamba mimi na kompyuta yangu tuko sawa na watu hao. Hapana. Mimi naweza kufunga kompyuta nikaenda zangu. Lakini swali la kwanza la babu lilitoka huko: kabla ya kutaja bei, jua ni wangapi watakaoonja chungu kabla yako. Mimi nilisahau hata kuhesabu stima na bando.

Swali la pili ni la wapagazi. Safari za kwenda bara kutoka Bagamoyo zilibebwa kichwani na mabegani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 30, kwa miezi mingi. Ungedhani watu hao walichukua chochote walichopewa. Sivyo. Walijua uzito wa mzigo na walibishana juu yake. Posho, yaani chakula cha njiani, ilihesabiwa mbali na mshahara. Na walitaka malipo ya mbele. Henry Morton Stanley alipoandaa safari yake ya mwaka 1874, kila mtu mzima aliyemwajiri Zanzibar alipokea dola 20 kabla ya kuondoka, mshahara wa miezi minne. Stanley hakuwa mtu wa huruma na wapagazi. Alitoa kwa sababu bila hivyo mizigo ingebaki ufukweni. Na njiani, mambo yakiharibika, mpagazi alikuwa na silaha ya mwisho: kutua mzigo na kutoroka usiku. Wazungu waliandika malalamiko mengi kuhusu utoro huo. Ukisoma kwa jicho la mtafuta riziki, unaona ni mazungumzo ya bei kwa njia nyingine.

Swali la tatu lilimhusu babu mwenyewe. Bandarini Mombasa, makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Asubuhi wanajipanga, wanachaguliwa, jioni wanalipwa. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walichukia mtindo huo kwa sababu kibarua alikuwa na uwezo wa kutokuja kesho. Akishapata ya wiki, anapumzika, au anakwenda shambani kwake. Babu alilisema hilo akicheka: "Siku zilikuwa zangu. Nauza nikitaka."

Lakini siku za mtu mmoja hazikutosha kuinua bei, kwa sababu nyuma yake palikuwa na mwingine mwenye njaa zaidi. Ndipo tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa karibu wiki mbili. Walikutana kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Babu alikuwa kijana tu, alikwenda kusikiliza. Serikali iliunda baraza la usuluhishi, na mishahara ikapanda. Lakini Agosti mwaka huohuo Chege Kibachia, aliyekuwa akiongoza shirikisho la wafanyakazi hao, alikamatwa na kuzuiliwa Baringo. Bei ilipanda, na kuna aliyeilipia.

Basi mteja wangu aliporudi na mwongozo mwingine, nilimwandikia: senti tatu kwa neno, nusu ya malipo mbele. Hakujibu. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa na usingizi ulinipaa. Baada ya siku nne niliona kazi ile imechukuliwa na Mkenya mwenzangu, kwa nusu senti. Bei yangu ileile.

Nilikasirika, halafu nikakumbuka kwamba hata mimi niliichukua kutoka kwa mtu. Kuna mtafsiri mahali fulani aliyeitisha senti tatu, akalala akisubiri jibu, na jibu nilikuwa mimi.

Nilimtafuta yule Mkenya nikamwandikia. Si kumtukana. Nilimuuliza maswali ya babu, yote matatu. Alikaa kimya wiki nzima. Kisha akajibu kwa sentensi moja: "Kumbe mko wangapi?"

Leo tuko tisa. Tuna bei ambayo hatushuki chini yake, na hakuna anayeanza kazi bila malipo ya mbele. Wateja wengine hutukimbia. Kodi bado hunikosesha usingizi miezi mingine. Kiwanja chetu ni kidogo mno, lakini tumekijua kilipo.